Mzigo wa Taya

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi, madaktari wa meno, mafundi na wazazi, iliyotolewa katika ukumbi mmoja wa Tudor, Mombasa

Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa uhandisi mliojaza safu za nyuma, salaam aleikum, na wote hamjambo.

Kabla sijasema lolote, inueni vidole vya shahada, wa kulia na wa kushoto. Viwekeni mbele ya masikio, pale penye kile kijinyama kinachochungulia tundu la sikio, kisha visogezeni mbele kidogo, upana wa kidole kimoja. Sasa fungueni vinywa polepole, kama mtu anayesubiri daktari amtazame koo. Mwanzo mtahisi kitu kinazunguka pale pale kilipo. Endeleeni kufungua. Hapo katikati kitu kile kinaondoka mahali pake, kinateleza kwenda mbele na chini, na pale kilipokuwa panabaki shimo linalomeza ncha ya kidole. Fungeni. Kimerudi. Wengine mmesikia mlio kidogo. Mlio usio na maumivu mara nyingi si ugonjwa, msianze kuogopana.

Mlichokigusa ni kichwa cha mfupa wa taya. Hakizidi ukubwa wa tende. Kimekaa chini ya kikombe cha mfupa wa fuvu, na kati ya viwili hivyo pana diski ya gegedu, nyembamba katikati, nene kingoni. Chini ya diski kichwa huzunguka. Juu ya diski, kichwa na diski yake huteleza pamoja. Kwa hiyo kiungo kimoja kina kazi mbili, na kila mnapopiga miayo kazi zote mbili zinafanyika bila nyinyi kujua. Mtu mzima mwenye afya hufungua kinywa milimita 40 hadi 50 hivi, yaani vidole vyake mwenyewe vitatu vikiwa vimesimama kati ya meno ya mbele.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wangu wa uhandisi nataka walishike kuliko yote. Goti la kulia likiuma, la kushoto linaweza kuendelea na safari zake. Taya haina ruhusa hiyo. Ni mfupa mmoja wenye viungo viwili, kulia na kushoto. Fikirieni watu wawili waliobeba kitanda. Mmoja akisimama ghafla na mwenziwe akiendelea kutembea, kitanda hakiendi mbele, kinageuka. Yule aliyesimama anakuwa kama nguzo, na yule anayetembea anamzunguka. Mfano huu tutaurudia, kwa sababu ndani yake mna sura ya kijana mmoja ninayemjua.

Mimi ni mhandisi wa mitambo, si daktari. Nilianza na pampu na beringi za magari, na huenda ningezeeka nazo. Aliyenivuta huku ni mtoto wa dada yangu. Alipokuwa na miaka 6 alianguka kutoka kwenye mwembe, kule Kisauni, akatua kwa kidevu. Alipelekwa mahali akashonwa nyuzi nne, dada yangu akaambiwa kidonda kitapona kwa wiki moja. Kidonda kilipona kweli. Hakuna aliyemwambia mtoto afungue kinywa. Hakuna aliyeweka kidole mbele ya masikio yake, kama mlivyofanya nyinyi sasa hivi.

Kidevu kinapogonga chini, nguvu haiishii kwenye kidevu. Hupanda na mfupa wa taya hadi kwenye shingo nyembamba iliyo chini ya kile kichwa, na hapo ndipo mfupa huvunjika. Damu hujaa ndani ya kiungo. Kwa mtoto, ambaye mifupa yake inajenga kwa kasi, ile damu iliyoganda yaweza kugeuka mfupa, na kichwa cha taya kikashikana na fuvu kama chuma kilichopigwa weldi. Usaha wa sikio usiotibiwa nao unaweza kuleta hali hiyo hiyo. Madaktari wana jina lake refu. Sisi tuseme kiungo kimeganda.

Alipofika miaka 9, mpwa wangu alikuwa akimega mahamri vipande vidogo na kuvisukuma kwa kidole kupitia pengo la jino lililong'oka. Akiwa na miaka 11 nilichukua rula ya shule nikampima: milimita 4. Na kwa kuwa sehemu muhimu ya ukuaji wa taya iko pale pale kichwani, upande ulioganda uliacha kukua. Kidevu kikahamia kulia na kurudi nyuma. Ulimi ukakosa nafasi. Usiku alikoroma kama mzee, mara pumzi ikakatika, na dada yangu alikaa macho akimgeuza ubavu hadi alfajiri. Watu walidhani tatizo la mtoto huyu ni kula. Mimi niliyelala nyumba ile najua kwamba tatizo kubwa lilikuwa kupumua.

Mwaka ule alipasuliwa, mfupa ulioganda ukakatwa, nafasi ikaachwa wazi. Mezani kinywa kilifunguka vizuri. Lakini baada ya upasuaji wa namna ile lazima mtoto afanye mazoezi ya kufungua kinywa kila siku, miezi na miezi, na mazoezi yale yanauma. Hutumia vijiti vya aiskrimu, vikapangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno, leo kumi, wiki ijayo kumi na kimoja. Mama gani anaweza kumshika mwanawe akilia kila asubuhi na kila jioni, peke yake, bila mtu wa tiba ya viungo wa kumwelekeza? Mfupa ukarudi. Simlaumu dada yangu hata chembe. Aliwekewa mzigo ambao ulikuwa wa kliniki nzima.

Akiwa na miaka 23, mifupa ikiwa imekoma kukua, ndipo alipowekewa kiungo bandia upande wa kulia, India. Nilikwenda naye. Na ni huko, nikiwa nimekishika kile kifaa kikiwa bado ni mfano wa plastiki, nilipogundua kwamba mimi mwenye digrii ya mitambo sikuelewa kwa nini kimetengenezwa vile.

Kwanza nilitarajia kukuta nakala ya mfupa. Sikukuta. Kilikuwa na kikombe cha plastiki nyeupe kilichoshikamana na titani, cha kufungwa kwenye fuvu, na bamba refu la chuma lenye matundu ya skrubu na kichwa cha mviringo juu yake, la kufungwa ubavuni mwa taya. Hakina diski. Kichwa chake kiko chini kuliko kichwa cha asili. Nikamwuliza mhandisi wao kwa nini wameacha umbo ambalo Mungu ameliumba. Akanijibu kwamba hawakuanza na umbo, walianza na mzigo. Jibu hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Hebu tupige hesabu ndogo, maana mafundi mko hapa na wenzo mnaujua. Taya ni wenzo. Egemeo liko kwenye kiungo, misuli inavuta katikati, na chakula kiko mbele. Chukulieni kwamba misuli yote kwa ujumla inavuta sentimita 4 mbele ya kiungo, na meno ya mbele yako sentimita 10. Ukitaka kuuma muhogo mkavu kwa meno ya mbele kwa nguvu ya newtoni 100, ambayo ni kama uzito wa nusu debe ya maji, misuli lazima ivute newtoni 250. Zile 150 zinazobaki huenda wapi? Zinakandamiza viungo. Sasa kipeleke kile kipande cha muhogo kwenye magego, sentimita 6 kutoka kiungoni, ukiume kwa nguvu ile ile ya 100. Misuli inavuta 150, na viungo vinabeba 50 tu. Muhogo ni ule ule na nguvu ya jino ni ile ile, lakini mzigo wa kiungo umeshuka mara tatu. Ndiyo maana mtu anayeumwa na kiungo cha taya anaambiwa akate embe kwa kisu, asiling'ate kwa mbele. Anayempa shauri hilo anampa hesabu ya wenzo.

Hesabu halisi ina mambo zaidi, kwa sababu misuli ni mingi na kila mmoja una mwelekeo wake, na mzigo haugawanyiki sawa kulia na kushoto. Mtu akitafuna upande mmoja, mara nyingi kiungo cha upande wa pili, ule usio na chakula, ndicho hubeba zaidi. Hili huwashangaza wengi. Daktari akikuwekea kiungo bandia kulia, amegusa pia maisha ya kiungo chako cha kushoto, hata kama hakukitia kisu.

Na mzigo si ukubwa tu, ni idadi pia. Yule kijana anayekaa barazani na muguka saa tatu mfululizo, akitafuna mara moja kwa sekunde, amekibana kiungo chake mara 10,800 kabla ya magharibi. Hapo sijahesabu chakula cha usiku, wala kusaga meno usingizini. Mtengenezaji wa kiungo bandia lazima akiweke kwenye mashine na kukizungusha mamilioni ya mara kabla hakijagusa mwili wa mtu.

Sasa kuhusu kile kuteleza mlichokihisi kwa vidole. Kichwa cha taya huvutwa mbele na msuli mmoja mdogo uliojishika shingoni mwake. Daktari anapokata kichwa kilichoganda, msuli ule unapoteza pa kujishika. Kwa hiyo kiungo bandia kinabaki na kazi moja, kuzunguka. Hakitelezi tena, au huteleza kidogo sana. Ukimwekea mtu bawaba tupu mahali pale pale pa kichwa cha zamani, akifungua kinywa, kidevu kinarudi nyuma kuelekea kooni, kwa sababu meno yako chini ya egemeo, na chochote kilicho chini ya egemeo hurudi nyuma wenzo unapozunguka.

Wahandisi wa Groningen, Uholanzi, walilitazama jambo hili kwa jicho la jiometri. Wakasema: kama msuli wa kuvuta mbele haupo, tushushe egemeo. Katika kiungo chao walikishusha kitovu cha mzunguko karibu milimita 15 chini ya kitovu cha asili. Egemeo likishuka, linakaribia usawa wa meno, na meno yakikaribia usawa wa egemeo, safari yao ya kurudi nyuma inapungua. Kinywa kinafunguka kwenda chini zaidi kuliko kwenda nyuma, na upande wa pili, kama una kiungo cha asili, hauburutwi sana. Niliposhika rula na karatasi nikachora duara mbili kujihakikishia, nilikaa kimya kwa muda. Milimita 15 tu. Hakuna umeme humo, hakuna mota, ni kuchagua tu pa kuweka egemeo. Hiyo kwangu ndiyo kazi safi ya uhandisi.

Lakini hakuna uchawi. Mpwa wangu akifungua kinywa leo, kidevu chake kinakwenda kulia. Rudini kwenye kitanda chetu: kushoto anatembea, kulia amesimama. Si kosa la daktari wala la kifaa, na daktari alitwambia mapema kwamba itakuwa hivyo.

Nije kwenye vifaa vyenyewe, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu hapa ndipo watu walipoumia.

Watu wametafuta kitu cha kuweka kati ya taya na fuvu tangu karne ya 19. Daktari Carnochan wa New York alijaribu kipande cha mti. Gluck wa Berlin alitumia pembe za ndovu. Baadaye zikaja bati za metali. Kisha ikaja Teflon, ile ile inayopakwa kwenye kikaango ili yai lisigande. Teflon inateleza kuliko karibu kila kitu kigumu tunachokijua, na mtu akiwaza kiungo, jambo la kwanza linalomjia ni kuteleza. Kwa hiyo katika miaka ya 1980, nchini Marekani, kampuni ya Vitek iliuza vipandikizi vya taya vilivyotengenezwa kwa Teflon na Proplast, kitu cha plastiki chenye vitundu vidogo vidogo. Wagonjwa maelfu waliwekewa.

Teflon inateleza, naam. Lakini ni laini. Chini ya mzigo wa kutafuna ilisagika ikawa unga. Mwili ukauona unga ule kama adui, ukatuma seli zake kuumeza, na seli zikishindwa kuumeza huungana zikawa kubwa, zikaanza kuula mfupa ulio jirani. Na jirani ni nani? Dari la kile kikombe cha fuvu ni jembamba, karibu milimita moja, na juu yake ni ubongo. Kuna wagonjwa ambao dari lile lilitoboka. Watu waliokwenda kutibiwa maumivu ya taya walirudi na maumivu yasiyokwisha, na wengine walipasuliwa mara kwa mara kwa miaka. Kampuni ilifilisika mwaka 1990, na mwaka uliofuata FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, ikasimamia kurudishwa kwa vipandikizi vile.

Kinachoniumiza mimi ni kwamba jambo hili lilikuwa linajulikana. Miaka 20 na zaidi kabla yake, daktari John Charnley wa Uingereza, katika hospitali ya Wrightington, aliwawekea mamia ya wagonjwa nyonga zenye vikombe vya Teflon. Mwanzo walitembea kwa furaha. Baada ya miaka michache vikombe vililika, unga ukatapakaa, ikabidi avitoe. Charnley alijidunga unga wa Teflon kwenye paja lake mwenyewe ili ajue mwili unaufanyia nini, na paja likavimba mavimbe. Hakuficha. Aliandika.

Na aliyemtoa kwenye shimo lile alikuwa fundi. Mwaka 1962 muuzaji alikuja na kipande cha plastiki ya polithini, aina yenye molekuli ndefu mno, iliyokuwa ikitumika kwenye gia za mashine za viwandani. Charnley akakichoma kwa ukucha wa kidole gumba, akaona hakifai, akaondoka. Fundi wake wa karakana, Harry Craven, hakukitupa. Alikifunga kwenye mashine aliyoitengeneza ya kupimia ulikaji, akaiacha izunguke usiku na mchana. Baada ya wiki tatu kilikuwa kimelika kidogo kuliko Teflon inavyolika kwa siku moja. Plastiki ile ndiyo iliyomo kwenye nyonga na magoti ya mamilioni ya watu, na ndiyo iliyomo kwenye taya ya mpwa wangu. Mafundi wa Mwembe Tayari mliokuja leo, jina la Craven lishikeni. Hakubishana na bosi wake kwa maneno, aliwasha mashine.

Leo kiungo bandia cha taya huwa na kikombe cha polithini ile, na kichwa cha aloi ya kobalti, kromiamu na molibdeni kilichong'arishwa kama kioo. Bamba la taya huwa la titani au la aloi hiyo hiyo ya kobalti. Marekani kimoja kinachotengenezwa kwa kipimo cha mgonjwa kiliidhinishwa mwaka 1999, na kingine cha saizi zilizo tayari mwaka 2005. Yule mwenye mzio wa nikeli aseme mapema, kwa sababu aloi ya kobalti huwa na nikeli kidogo.

Kwa nini bamba zima lisiwe gumu kupita kiasi ili lisivunjike? Swali hili huulizwa na kila mwanafunzi. Mfupa ni kama mfanyakazi, usipopewa kazi hudhoofu. Mjerumani Julius Wolff aliliandika hilo mwaka 1892. Titani ina ugumu wa mara 5 au 6 wa mfupa, kobalti na kromiamu zaidi ya mara 10. Ukifunga bamba gumu mno ubavuni mwa taya, bamba linabeba mzigo wote, mfupa ulio chini yake unakaa bure, na baada ya miaka unaanza kuwa mwepesi. Ukilifanya jembamba mno nalo linachoka na kukatika shingoni, pale pale asili ilipovunjika. Mbunifu anatembea katikati ya hatari hizo mbili, na hesabu za kompyuta, zile zinazokata umbo vipande vidogo maelfu na kupima mkazo wa kila kimoja, zinamsaidia kuona skrubu ipi inabeba kupita wenzake.

Na skrubu, ndugu zangu, ndizo roho ya kazi hii. Kifaa kikicheza juu ya mfupa zaidi ya mikroni 150 hivi, unene wa nywele mbili, mfupa haujengi pale. Panaota nyama ngumu, kifaa kinalegea, na kulegea kunazaa kulegea. Kwa hiyo bamba lazima likae juu ya mfupa bila mwanya, na skrubu zipite ukuta wa nje na wa ndani wa taya bila kugusa mshipa wa fahamu wa meno unaopita mfupani. Kikombe cha juu hakitundikwi kwenye dari lile la milimita moja. Hufungwa ubavuni, kwenye tao la mfupa wa shavu. Hata kutoboa kuna adabu yake. Mfupa ukifika joto la sentigredi 47 kwa dakika moja tu, huanza kufa. Fundi anayetoboa chuma humwagia maji ili kuokoa keekee. Daktari humwagia maji ili kuokoa ukuta wa tundu.

Ndiyo maana kwa kesi kama ya mpwa wangu, ambaye mifupa yake ilikwishapotoka, kifaa cha saizi ya dukani kisingekaa. Walimpiga picha za CT, wakachapisha fuvu lake lote kwa plastiki, daktari akakata mfano kwanza, mhandisi akachora kifaa juu ya mkato ule. Nilipewa fuvu lile nilishike. Nikapitisha kidole kwenye donge la mfupa lililorudi kumfunga kinywa. Lilikuwa na ukubwa wa kungumanga. Siku ya upasuaji, kuzunguka kiungo kipya walijaza mafuta yaliyotolewa tumboni mwake, ili pasibaki nafasi ya damu kuganda na kugeuka mfupa tena. Njia hiyo ilienezwa na daktari Wolford wa Dallas, na mimi naona ni mojawapo ya mambo ya busara niliyoyaona hospitalini, kutumia kitu ambacho kila mtu anatamani kupunguza.

Ndugu zangu, sitasimama hapa niwaambie kwamba kesho tutavitengeneza Changamwe. Kutengeneza kiungo cha kukaa mwilini kunataka vyumba safi, vyuma vyenye hati, mashine za kupima ulikaji, na wasimamizi wasioangalia nani ni nani. Nimewasimulia habari ya Teflon kwa makusudi, ili kijana mwenye printa ya kuchapishia plastiki asijione amefika. Lakini kuna mengi ambayo yako ndani ya uwezo wetu mwaka huu huu. Mifano ya mafuvu ya kumsaidia daktari kupanga mkato inaweza kuchapishwa hapa. Mashine ya kupima ulikaji kama ya Craven inaweza kujengwa hapa, na wanafunzi wakajifunzia juu yake. Kifaa cha kufanyia mazoezi ya kinywa, badala ya vijiti vya aiskrimu, kinaweza kubuniwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, akikaa kwanza na mama mmoja aliyewahi kumshika mwanawe akilia. Na zile hesabu za mzigo tunazozisoma kwenye vitabu, ni nani kati yetu amewahi kupima nguvu ya meno ya mtu wa Pwani anayekula kama tunavyokula, muhogo, mishikaki, korosho, mifupa ya mbuzi na yote? Kifaa cha kupima nguvu hiyo si ghali. Kazi hiyo inamngoja mtu.

Kabla ya hayo yote kuna kidole. Mtoto akianguka akapasuka kidevu, kidonda kinashonwa, sawa. Kisha mwambieni afungue kinywa. Tazameni kama kidevu kinakwenda upande. Tazameni kama meno yanakutana kama yalivyokuwa yakikutana jana yake. Apigwe picha ya taya yote hadi kwenye viungo. Na hata picha ikiwa safi, baada ya wiki mbili pimeni vidole vyake vitatu, halafu tena baada ya mwezi, halafu tena. Vikianza kupungua, msingoje. Mpwa wangu angepimwa hivyo akiwa na miaka 6, nisingekuwa na hotuba ya leo, na ningefurahi kuwa sina.

Mwezi uliopita nilimpima kwa rula ile ile, nimeitunza. Milimita 34. Alikuwa amekuja nyumbani Ijumaa, tukala pilau, akamenya chungwa akalila kipande kizima kwa kipande kizima huku akizungumza, na mama yake akamkanya asizungumze na chakula kinywani. Sikuwahi kumsikia dada yangu akimkanya hivyo. Hakuwahi kuwa na sababu.

Pale mezani kuna mfano wa fuvu, kuna kikombe cha polithini na kichwa cha kobalti mnavyoweza kuvisugua wenyewe mkasikia vinavyoteleza, na kuna kipande cha Teflon na tindo ya kukikwaruzia. Wanafunzi watangoja kidogo. Wazazi wenye watoto waliowahi kuanguka kwa kidevu, njooni mbele kwanza na watoto wenu. Madaktari wawili wako hapa, na rula ninayo.